Umeweka ROM mpya na kompyuta ya zamani imegoma? Anza hapa

Mtu akibadilisha chipu ya ROM (yenye programu ya kuiwashia mashine) kwenye Commodore 64, ZX Spectrum au Amiga, kisha akawasha na kukuta skrini nyeusi, mara nyingi hukimbilia kuichoma chipu upya, yaani kuiandika data tena kwa kichomeo. Kichomeo kinaandika, kinalinganisha, kinasema kila baiti iko sawa. Chipu inarudi kwenye soketi, skrini bado nyeusi. Anachoma mara ya tatu, safari hii kwa faili jingine, na hapo hajui tena kama tatizo ni faili, chipu, soketi au mashine yenyewe.

Nimepoteza jioni kadhaa kwa mtindo huo, na karibu kila mara data ndani ya chipu haikuwa na kosa lolote. Swali nililopaswa kujiuliza ni hili: je, kompyuta inasoma sehemu ileile niliyoiandika? Kichomeo kinaijua chipu kwa namba uliyokichagulia kwenye orodha. Kompyuta haijui namba hiyo. Inapeleka umeme kwenye miguu kama ilivyofanya mwaka 1982, na kama mguu wa chipu yako una kazi tofauti na ule wa chipu ya kiwandani, itasoma kitu kingine kabisa. Kwa hiyo kichomeo kikisema "sawa", umethibitisha uandishi tu. Usomaji bado.

Kabla ya yote, rudisha chipu ya awali

Kama ROM ya kiwandani bado unayo, irudishe uwashe. Ikifanya kazi, mashine ni nzima na shida imebaki kwenye chipu mpya au adapta yake. Ruka hadi kwenye dalili inayokuhusu. Isipofanya kazi, acha kabisa kufikiria mafaili. Umevunja kitu wakati wa kutoa au kuweka, au mashine ilikuwa mgonjwa tangu mwanzo.

Kama ROM ilikuwa imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi na wewe ndiye uliyeitoa, washukiwa wa kwanza ni njia za shaba. Bodi za miaka ya 1980 hazipendi joto jingi: duara la shaba linang'oka pamoja na mguu, au shimo linalounganisha upande wa juu na wa chini linapoteza utando wake wa ndani. Kwa macho linaonekana zuri. Weka mita kwenye mlio, gusa kila mguu wa soketi na mahali unapopaswa kufika, kwa mfano mguu wa data kwenye ROM na mguu wa data hiyohiyo kwenye prosesa. Kazi hii inachosha, lakini ni dakika ishirini tu.

Pima pia umeme. Mguu wa umeme wa chipu hizi unahitaji volti 5, na kinachokubalika ni kati ya 4.75 na 5.25. Kwa Commodore 64 jambo hili si la hiari: zile adapta zake za umeme za zamani zilizojazwa gundi ngumu zina tabia ya kuzeeka kwa kupandisha volti, na zikipanda huua RAM na chipu nyingine. Usijaribu ROM mpya kwa adapta ya aina hiyo bila kuipima kwanza.

Skrini nyeusi, na chipu inachoma kidole

Zima. Umeiweka kinyume, au umeipandisha safu moja ya matundu.

Kwenye chipu ya miguu 28, umeme unaingia mguu wa 28 na ardhi ni mguu wa 14, kona mbili zinazotazamana. Ukiigeuza, ardhi na umeme vinabadilishana nafasi na chipu inageuka kuwa pasi. Angalia mkato mdogo wa nusu duara kwenye ncha yake, ulinganishe na mchoro uliochapwa kwenye bodi, usiulinganishe na chipu ya jirani. Kuna bodi ambazo chipu zake hazitazami upande mmoja, na hapo ndipo watu wengi hukosea.

Chipu iliyowekwa kinyume kwa sekunde chache wakati mwingine hupona. Usiipime kwa kuirudisha kwenye mashine. Isome kwanza kwenye kichomeo. Ikisomeka vizuri mara tatu mfululizo, ipe nafasi nyingine.

Kwenye Amiga 1200 kuna mtego wa pekee. Soketi zake mbili za ROM zina matundu 42, lakini chipu za Kickstart, ROM ya Amiga, zina miguu 40. Matundu mawili ya upande wa pini namba 1, ulipo mkato, ndiyo yanayobaki wazi. Ukisukuma chipu hadi mwisho wa upande huo, kila mguu unakaa mahali pa mwenzake.

Skrini nyeusi, chipu ni baridi, na kichomeo kinasema kila kitu sawa

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ndiyo yenye vyanzo vingi. Tuzipitie kwa mpangilio wa jinsi ninavyozikuta.

*Miguu 24 dhidi ya miguu 28.* Commodore 64 za mwanzo zina ROM tatu: BASIC ya kilobaiti 8 (namba 901226-01), KERNAL, yaani mfumo mkuu, ya kilobaiti 8 (901227, matoleo matatu) na ya herufi ya kilobaiti 4 (901225-01). Zote zina miguu 24. EPROM (ROM inayochomwa na kufutika) ya kilobaiti 8 unayoipata kirahisi ni 2764, nayo ina miguu 28. Mtu anaiona soketi, anaona kwamba miguu minne ya juu itaning'inia nje, anadhani inatosha kuivutia umeme mguu wa 28.

Haitoshi. Ukiiweka 2764 juu ya soketi ya 2364, aina ya ROM ya kiwandani ya kilobaiti 8, kwa kulinganisha ncha za chini, miguu mingi inakubaliana, lakini si yote. Soketi inatoa A11, mojawapo ya njia za anwani (herufi A na namba), kwenye mguu wake wa 18. Hapo 2764 ina mguu wa 20, ambao ni wa kuiamsha chipu. Soketi inatoa A12 kwenye mguu wa 21. Hapo 2764 inasubiri A11. Umeme uko mguu wa 24 wa soketi, na hapo 2764 ina mguu wa 26 usiounganishwa na chochote. Matokeo yake chipu inaamka na kulala kwa kufuata njia ya anwani, na prosesa inasoma vipande vipande visivyo na maana. Unahitaji adapta inayohamisha njia hizo, na adapta ya 2364 si sawa na ya 2332 ya ROM ya herufi. Ukipenda kuepuka adapta, ipo Motorola MCM68764, EPROM ya kilobaiti 8 yenye miguu 24 iliyopangwa kama ROM ya kiwandani, ila kuichoma kunahitaji volti 25, na hilo tutalirudia.

Hata 2732, ambayo ina miguu 24 na inaonekana kuingia vizuri mahali pa 2332, inadanganya. A11 iko mguu wa 21 kwenye 2732 na mguu wa 18 kwenye 2332. Kufanana kwa idadi ya miguu si undugu.

*Chipu kubwa ndani ya soketi ndogo.* Siku hizi 27C256 na 27C512 zinapatikana kwa urahisi kuliko 27128 ya kilobaiti 16, kwa hiyo watu wanachoma picha ya kilobaiti 16 kwenye chipu ya kilobaiti 64 na kuiweka. Kichomeo kinaandika kuanzia anwani 0. Kompyuta inasoma wapi?

Tazama miguu miwili. Kwenye 27128, mguu wa 1 ni wa volti za kuchomea na mguu wa 27 ni wa kuruhusu kuchoma. Soketi iliyopangwa kwa ajili yake huifunga yote miwili kwenye volti 5. Kwenye 27C512 miguu hiyohiyo ni A15 na A14. Zikiwa juu zote mbili, chipu inafungua robo yake ya mwisho, kuanzia $C000 (alama ya $ ni ya namba za heksa). Wewe umeandika robo ya kwanza. Prosesa inakuta baiti $FF tupu, kwa sababu EPROM iliyofutwa ni moja tupu kila mahali. Kwa 27C256 hesabu ni ileile, isipokuwa unakuta nusu ya juu, kuanzia $4000.

Dawa yangu ni ya kivivu na haijawahi kuniangusha: jaza chipu nzima kwa nakala. Picha ya kilobaiti 16 inaingia mara nne kwenye kilobaiti 64. Hata kama A14 na A15 ziko juu au chini, mashine inakuta kitu kilekile. Baada ya mashine kuwaka ndipo uanze ujanja wa kuweka ROM nne tofauti na swichi.

*Faili lina baiti mbili za ziada.* Picha ya KERNAL inapaswa kuwa na baiti 8192 kamili. Ukikuta 8194, faili hilo lilihifadhiwa kama programu ya Commodore, na baiti mbili za mwanzo ni anwani ya kupakia. Ukilichoma hivyo, kila kitu kimesogea hatua mbili, na vekta ya kuwasha mashine (anwani inayoielekeza prosesa pa kuanzia) iliyopaswa kukaa $FFFC na $FFFD haipo mahali pake. Kichomeo kitalinganisha na kusema sawa, kwa kuwa kimeandika ulichokipa. Ondoa baiti hizo mbili.

Ukitaka uhakika zaidi, piga CRC32 ya faili, namba ya ukaguzi inayotokana na baiti zake zote. KERNAL 901227-03 hutoa dbe3e7c7, BASIC 901226-01 hutoa f833d117, na ROM ya herufi 901225-01 hutoa ec4272ee. ROM ya Spectrum ile ya modeli yenye RAM ya kilobaiti 48 hutoa ddee531f. Kwa Amiga, angalia kwanza ukubwa: Kickstart 1.3 ni baiti 262144, na 3.1 ni 524288. Ukikuta 524299, na mwanzoni mwa faili pameandikwa AMIROMTYPE1, hilo ni faili lililofungwa kwa ufunguo, linalotumika kwenye vifurushi vya Amiga Forever, programu ya kuiga Amiga. Haliwezi kuchomwa lilivyo.

*Mpangilio wa nusu mbili.* Commodore 64C zenye bodi fupi zina BASIC na KERNAL ndani ya chipu moja ya kilobaiti 16, namba 251913-01. BASIC inatangulia, KERNAL inafuata. Ukiunganisha mafaili kwa mpangilio wa anwani uliozoea kichwani huwezi kukosea, lakini ukiyaunganisha kwa mpangilio wa umuhimu, KERNAL kwanza, mashine haitasema neno.

*Baiti zilizopishana.* Hili ni la mashine za biti 16. Amiga inasoma maneno ya baiti mbili, baiti nzito ikitangulia. Vichomeo vingi vinaandika kwenye 27C400 baiti nyepesi ikitangulia. Fungua picha kwenye kihariri cha heksa utafute maneno exec.library. Ukiyaona yakisomeka vizuri, faili liko katika hali ya kawaida na kwa vichomeo vingi itabidi ubonyeze amri ya kubadilishana baiti kabla ya kuchoma. Likishageuzwa litasomeka kitu kama xecel.biaryr, na hiyo ndiyo sura unayoitaka. Kickstart ya kilobaiti 256 ndani ya 27C400, ambayo ni ya kilobaiti 512, iandike mara mbili. Atari ST za mwanzo nazo zina TOS, mfumo wake mkuu, iliyogawanywa kwenye chipu sita, jozi tatu za nzito na nyepesi. Chipu mbili zikibadilishana soketi inatosha kuifanya mashine iwe bubu.

Kuna picha, lakini si ile

Skrini nyeusi haisemi kitu. Ukipata chochote kingine, furahi, kwa sababu sasa mashine inakuelekeza.

Kwenye Commodore 64, ukingo wa bluu hafifu unatokea kwa sababu KERNAL imefaulu kuiamsha chipu ya picha. Ukingo ukiwepo lakini hakuna maandishi wala kishale, KERNAL inafanya kazi na imekwama ilipokabidhi usukani kwa BASIC. Tazama soketi ya BASIC, U3. Kishale kikipepesa, kibodi ikajibu, lakini mahali pa herufi pakawa na vipande na nukta, hiyo ni ROM ya herufi, U5. Ukiona maandishi ya kawaida na baiti 38911 zilizobaki, ROM zote tatu zinasomeka. Tatizo lako liko kwingine.

Kipimo kizuri cha U4, soketi ya KERNAL, ni katriji inayojitegemea bila KERNAL, kama ile ya uchunguzi iitwayo Dead Test. Ikiwaka wakati mashine peke yake ni nyeusi, prosesa, chipu ya picha na sehemu kubwa ya RAM ni nzima, na lawama inarudi kwa ROM au kwa PLA, chipu inayoziamsha. Katriji za kawaida za michezo si kipimo cha kuaminika, kwa kuwa nyingine zinategemea KERNAL ileile unayoishuku.

ZX Spectrum ina dalili ninayoipenda kuliko zote. ROM isiposomeka, njia za data zinabaki juu na prosesa ya Z80 inasoma $FF. Kwa Z80, $FF ni amri: ruka hadi anwani $38, na uhifadhi njia ya kurudi kwenye rafu. Kwenye $38 inakuta $FF nyingine, inaruka tena, inahifadhi tena. Namba $0039 inajaza kumbukumbu yote pamoja na skrini, na wewe unaona mistari ya wima iliyonyooka kama nguo ya kitanda. Mistari hiyo ni habari njema kwa namna yake: prosesa iko hai, RAM inaandikika, picha inatoka. Kilichokosekana ni ROM kujibu. Angalia kama chipu inaamshwa, na kama unatumia 27128 mahali pa ROM ya kiwandani, angalia viungio vilivyoandikwa H na N kwenye bodi. Viliwekwa kwa sababu Sinclair walitumia ROM za Hitachi na za NEC, ambazo hazikubaliani miguu yote, na kiungio kilichowekwa kwa ajili ya mmoja hakimfai mwingine.

BBC Micro ya Model B nayo ni muungwana. Ikiandika "Language?" na kusimama, mfumo wake mkuu unafanya kazi ila haukupata ROM yoyote ya lugha. Ama BASIC haijakaa sawasawa, ama umeitoa kupisha nyingine. Ikiwaka moja kwa moja kwenye programu mpya badala ya BASIC, haijaharibika: soketi ya kulia kabisa ndiyo yenye kipaumbele, na umeweka lugha mpya kulia kwa BASIC. Zibadilishe nafasi, au andika *BASIC.

Kama ROM yako ya BBC haionekani kabisa ukiandika *HELP, na wewe ndiye uliyeitengeneza, chunguza kichwa chake. Mfumo unatazama baiti ya $8007, ambayo inaelekeza penye sifuri inayofuatwa na herufi (C). Isipoikuta, unaichukulia soketi kuwa tupu. Nimewahi kuandika alama nzuri ya hakimiliki, duara na kila kitu, nikashangaa kwa nini mashine hainioni.

Amiga na rangi zake

Nyekundu maana yake jumla ya ukaguzi wa Kickstart haikutoka sawa. Kijani ni RAM ya picha, bluu ni chipu maalumu, njano ni prosesa kukutana na hitilafu isiyo na mshughulikiaji bado. Kwa mada yetu nyekundu ndiyo muhimu, na inakuambia zaidi ya inavyoonekana. Ili kupiga jumla ya ROM, prosesa lazima iwe imesoma maelekezo kutoka kwenye ROM hiyohiyo. Kwa hiyo baiti hazijapishana, na chipu haiko kinyume. Tafuta biti chache zilizoharibika, mguu mmoja wa anwani usiogusa, au Kickstart uliyoihariri bila kurekebisha jumla yake.

Inawaka asubuhi, inagoma mchana

Ukiona mashine inayofanya kazi mara tatu na kukataa ya nne, au inayobadilika ukisogeza kidole karibu na chipu, tafuta mguu unaoelea. Chipu za 27C ni za CMOS. Mguu wa kuingiza usiounganishwa popote unaokota umeme wa hewani na kubadilisha mawazo. Kila njia ya anwani usiyoitumia lazima ifungwe, juu au chini.

Baada ya hapo ni soketi. Soketi za bei ndogo za wakati ule zinashika mguu kwa upande mmoja tu, na bati lake limeshika kutu. Kuitoa na kuirudisha chipu mara kadhaa hukwangua kutu na kuponya kwa muda, jambo linalomfanya mtu aamini ameponya. Badilisha soketi. Angalia pia mguu uliojikunja chini ya tumbo la chipu. Kutoka juu hauonekani, na ukiwa umebanwa unaweza kugusa kwa wiki nzima kabla ya kuacha.

Kasi hufuata. Alama kama -25 au -45 baada ya namba ya chipu ni nanosekunde 250 au 450. Commodore 64 inakwenda karibu megahezi 1, na 250 inatosha bila wasiwasi. BBC Micro inakwenda megahezi 2, na chipu ya 450 hapo ni bahati nasibu inayotegemea joto la chumba.

Mwisho ni uchomaji dhaifu. Kila kizazi cha EPROM kina volti zake: 2716 na 2732 zinataka 25, 2732A na 2764 za mwanzo zinataka 21, 2764A na 27128A zinataka 12.5, na 27C nyingi ziko hapohapo. Vichomeo vidogo vya leo vingi havifiki 25, na vingine havifiki hata 21. Chipu iliyochomwa kwa volti pungufu inaweza kulingana na faili palepale, kisha ikapoteza biti kompyuta inapoilisha volti 4.8 badala ya 5. Herufi moja tu mwishoni mwa namba inaleta tofauti hiyo, na kinyume chake ni kibaya zaidi: ukiipa 2764A volti 21 umeiua. Kama kichomeo chako kinaruhusu kulinganisha kwa volti za chini, tumia uwezo huo kila mara.

Kufuta nusunusu kunazaa dalili zilezile. Taa ya urujuanimno yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 254 inahitaji kama dakika 15 hadi 20. Hakikisha chipu ni tupu kabla ya kuchoma, kisha ukishachoma funika kidirisha kwa karatasi ya kunata. Jua la moja kwa moja linaweza kufuta EPROM ndani ya wiki moja hivi. Mwanga wa taa za mirija ndani ya nyumba huchukua kama miaka mitatu.

Mashine inafanya kazi, ila mabadiliko yako yameleta maajabu

Hapa tuko kwenye raha yenyewe ya kazi hii. Kwenye KERNAL 901227-03, rangi ya ukingo iko anwani $ECD9, ya mandhari $ECDA, na ya maandishi $E535. Ndani ya faili la baiti 8192 ondoa $E000, unapata $0CD9, $0CDA na $0535. Kosa la kawaida ni kubadilisha mandhari kuwa 14 na kusahau kwamba maandishi nayo ni 14. Mashine inawaka ikiwa na skrini tupu yenye rangi ya kupendeza, na mwenye nayo anaanza kuchunguza ROM ya herufi.

Ujumbe wa kuwashia unaanza $E473, yaani $0473 kwenye faili, na unaishia kwenye baiti ya sifuri. Urefu usiuguse, jina lako likiwa fupi, jaza nafasi. Ukizidisha unaandika juu ya programu inayofuata, na ukifuta sifuri mashine inaendelea kuchapisha takataka. Andika kwa herufi kubwa tu. Herufi ndogo za kihariri cha kompyuta ya leo zina namba ambazo Commodore inazichora kama mistari na maumbo, kwa hiyo "karibu" inatokea kama kipande cha uzio.

Commodore 64 haikagui ROM zake inapowaka, ndiyo maana unaweza kuzichezea upendavyo. Kiendeshi chake cha diski cha 1541 hukagua. Ukibadilisha baiti moja kwenye ROM yake, tuseme namba ya kifaa, bila kurekebisha jumla, taa yake itapepesa tangu kuwashwa na haitajibu amri. Wengi hufikiri wamechoma vibaya.

JiffyDOS, ROM ya kuharakisha diski, huleta malalamiko mawili yanayojirudia. La kwanza, kasi haijabadilika: umeweka upande mmoja tu. Inahitajika kwenye KERNAL na kwenye kiendeshi. Pande zikitofautiana zinaongea kwa mwendo wa zamani bila kulalamika. La pili, kaseti haisomi: nafasi ya programu za kaseti ndiyo iliyotumika kuweka vitu vipya. Ukitaka kaseti, weka swichi ya kurudi kwenye KERNAL ya awali.

Kwenye Apple IIe, maboresho ya 1985 ni chipu nne zinazokwenda pamoja: prosesa ya 65C02, ROM ya CD, ROM ya EF na ROM ya picha. Ukiweka ROM mpya ukaiacha prosesa ya 6502, mashine itakwama mara tu inapokutana na amri isiyoijua. Ikiwaka vizuri utaona Apple //e juu ya skrini badala ya Apple ][.

Swichi ya ROM mbili

Mguu wa A13 au A14 unapata rezista ya kiloomu 10 kwenda volti 5, na swichi inauvuta kwenda ardhini. Ukikuta nafasi moja inafanya kazi na nyingine haifanyi, rezista haipo au haijashika. Ukikuta zote zinafanya kazi lakini ni ROM ileile, mguu huo bado umekaa ndani ya soketi ya zamani. Unatakiwa kukunjwa nje. Waya uwe mfupi. Na usigeuze swichi mashine ikiwa imewaka, maana prosesa iko katikati ya sentensi na unambadilishia kitabu.

Kujua ni KERNAL ipi imekaa kwenye Commodore 64 bila kufungua kasha, andika PRINT PEEK(65408). Toleo la kwanza linajibu 170, la pili 0, la tatu 3. Ukigeuza swichi, ukazima na kuwasha, na namba ikabaki ileile wakati ulitarajia ibadilike, rudi kwenye mguu uliokunjwa.